Jaji Mwalusanya na Mahakama Kuu ya Dodoma

Kuna majina matatu ambayo mwanafunzi wa sheria nchini hukutana nayo kabla hajazoea hata kuvaa joho: Ng'omango, Mbushuu na Mtikila. Wa kwanza alitaka kuishitaki serikali akakuta sheria inamtaka aombe kwanza kibali cha serikali hiyohiyo. Wa pili alikuwa amekwisha kutiwa hatiani kwa mauaji, anangoja kusomewa adhabu ya kunyongwa. Wa tatu alikuwa mchungaji mwenye ulimi mkali, kiongozi wa chama kilichonyimwa usajili, aliyedai Mtanzania aweze kugombea uongozi bila kubebwa na chama chochote. Mashauri yote matatu yalisikilizwa Mahakama Kuu ya Tanzania, Dodoma, na yote yaliamuliwa kati ya mwaka 1992 na 1994. Mawili ya kwanza yaliamuliwa na jaji mmoja, James Mwalusanya.

Mahakama hupenda kuhesabu historia yake kwa majengo. Aprili 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Makao Makuu ya Mahakama ya Tanzania eneo la Tambukareli, na hotuba za siku hiyo zilieleza vizuri safari ya kutoka kwenye mabanda hadi kwenye ghorofa. Hakuna ubaya. Lakini sifa ya Mahakama Kuu ya Dodoma miongoni mwa mawakili na majaji wa Afrika ilianza zamani, mji ulipokuwa makao makuu kwa jina tu. Uamuzi wa kuhamia ulipitishwa mwaka 1973. Miaka ishirini baadaye wizara zilikuwa bado Dar es Salaam, na Dodoma ilikuwa mji wa reli, wa vumbi la kiangazi, wa zabibu na wa minada ya ng'ombe. Mahakama Kuu hapa ilishughulika na mambo ya watu wa nyanda kame za kati: Wagogo, Warangi, Wanyaturu, Wanyiramba, mifugo iliyoibwa, shamba lililogombewa na ndugu, ugomvi wa pombe uliokwisha kwa mtu kufa. Jaji aliandika mwenendo wa shauri kwa mkono wake, kwa Kiingereza, huku shahidi akisema Kiswahili na mara nyingine Kigogo kupitia kwa mkalimani. Wanasheria wakubwa wa nchi walikuwa na shughuli zao Dar es Salaam.

Ili kuona Mwalusanya alifanya nini, turudi nyuma kidogo. Mahakama Kuu ya Tanganyika ilianza chini ya Waingereza, na uhai wake unahesabiwa tangu mwaka 1921. Kwa miongo minne mkoloni aliendesha haki kwa mikono miwili: mkono mmoja mahakama za kizungu, mwingine mabaraza ya wenyeji yaliyokaliwa na watemi na watu wao. Baada ya Uhuru, sheria ya mahakama ya mwaka 1963 iliunganisha mikono hiyo kuwa ngazi moja, kutoka Mahakama ya Mwanzo na wazee wake wa baraza, kupanda ya Wilaya, hadi Mahakama Kuu. Hilo lilikuwa jambo kubwa, nasi huwa hatulisemi vya kutosha. Mkulima wa Kongwa akawa na njia moja ileile ya kudai haki aliyokuwa nayo mfanyabiashara wa Dar es Salaam.

Kitu kimoja kilikosekana. Katiba ya Uhuru haikuwa na hati ya haki za raia. Chama tawala, TANU, kiliikataa, na tume iliyoandaa mfumo wa chama kimoja ikakubaliana nayo mwaka 1965: taifa changa lina kazi ya kujengwa, na majaji, wakati huo wengi wao wageni, wasipewe rungu la kuizuia serikali. Raia aliyeonewa alipewa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ambako angeweza kulalamika. Kulalamika na kudai ni mambo mawili. Mambo yalibadilika miaka ya 1983 na 1984, katika mjadala wa Katiba ulioambatana na kile kilichoitwa kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa Zanzibar. Wanasheria walisukuma, Wazanzibari walisukuma, na marekebisho ya tano ya Katiba, mwaka 1984, yakaingiza haki za msingi. Serikali ikaomba muda wa kusafisha sheria zake: kwa miaka mitatu hakuna mtu angeruhusiwa kwenda mahakamani kudai haki hizo. Muda huo uliisha Machi 1988, na sheria zilikuwa hazijasafishwa.

Mwalusanya wakati huo alikuwa jaji Mwanza. Hakungoja. Mwaka huohuo wa 1988 lilimfikia shauri la Chumchua Marwa, mtu aliyekuwa gerezani Musoma kwa amri ya kufukuzwa kwao na kuhamishiwa kwingine. Sheria iliyotumika ilikuwa ya mkoloni, ya mwaka 1921, iliyotungwa ili gavana amwondoe mtu anayemsumbua bila kumfikisha mbele ya hakimu. Serikali huru ilikuwa imeirithi na kuendelea kuitumia. Mwalusanya aliitangaza kuwa inapingana na Katiba. Mwaka uliofuata akapokea shauri la Daudi Pete, aliyenyimwa dhamana kwa sababu kosa aliloshitakiwa lilikuwa miongoni mwa yale ambayo sheria ilimkataza hakimu kabisa kutoa dhamana. Mwalusanya akasema sheria inayomfunga hakimu mikono kiasi hicho haiwezi kusimama. Serikali ikakata rufaa. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikakubali kwamba kifungu kile kinavunja Katiba. Kwa hakimu wa wilaya, aliyekuwa akiona vijana wakioza mahabusu akiwa hana la kufanya, uamuzi huo ulikuwa na maana zaidi kuliko hotuba kumi.

Shauri lake la Mwanza linalosomwa zaidi hadi leo ni la Holaria Pastory, mama mzee wa Kihaya kutoka Muleba. Babake alimwachia shamba kwa wosia. Uzeeni, hana wa kumtunza, aliliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mwana wa ukoo, Bernardo Ephrahim, akaenda Mahakama ya Mwanzo kudai uuzaji huo ni batili, kwa kuwa mila ya Kihaya iliyoandikwa na serikali mwaka 1963 ilimruhusu mwanamke kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote lakini si kuliuza. Akashinda. Mahakama ya Wilaya ikampa ushindi mama, na rufaa ikafika Mahakama Kuu. Februari 1990 Mwalusanya aliitupa rufaa ya Bernardo. Alizipanga mezani hati za dunia na za Afrika ambazo Tanzania ilikuwa imetia saini, akaweka na Katiba juu yake, akasema kuanzia hapo mwanamume na mwanamke wana haki sawa juu ya shamba la ukoo. Miaka tisa baadaye Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, ziliandika haki ya mwanamke kumiliki na kuuza ardhi sawa na mwanamume. Bunge lilipofika, jaji alikuwa amekwisha kupita njia hiyo.

Nasimama hapa kidogo, kwa sababu watu wakimsifu Mwalusanya husema alikuwa jaji jasiri na kuishia hapo. Ujasiri alikuwa nao, lakini majaji jasiri waliosahaulika ni wengi. Kilichombakiza ni namna alivyofanya kazi. Alisoma sana, tena vya mbali: hukumu za India, za Marekani, za Ulaya, ripoti za mashirika, makala za walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani. Alichosoma alikiweka wazi ndani ya hukumu, hatua kwa hatua, kiasi kwamba aliyetaka kuitengua ilimbidi ajibu hoja, si kumkemea mwandishi. Wapo walioona amevuka mipaka ya kiti chake na kuingia ulingo wa siasa. Ukizisoma hukumu zake leo utaona mahali ambapo maneno yamechemka kuliko ilivyohitajika. Hata hivyo hoja zilikuwa pale, zimepangwa, na hazikukwepeka.

Na hukumu hizo zote, pamoja na ile ya mama wa Muleba, ziliandikwa kwa lugha ambayo wenyewe wenye mashauri hawakuweza kuisoma. Hili tusimlaumu nalo yeye. Ndiyo ilikuwa sheria na desturi ya kazi. Februari 2021 Mahakama Kuu ilipoadhimisha miaka mia moja, sherehe zikifanyika hapahapa Dodoma, Rais John Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba kwenda Mahakama ya Rufani akitaja kwamba jaji huyo aliandika hukumu kwa Kiswahili. Mwaka huohuo sheria ikarekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Ilichukua miaka mia.

Sasa Dodoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchi ilikuwa inabadilika. Tume ya Jaji Nyalali ilipendekeza vyama vingi na ikataja sheria 40 za kukandamiza zilizostahili kufutwa au kurekebishwa. Julai 1992 vyama vingi vikaruhusiwa kisheria, sheria 40 zikabaki pale zilipokuwa. Mwalusanya, sasa akiwa jaji Dodoma, alikuta huko shauri la madai namba 22 la mwaka 1992, Peter Ng'omango dhidi ya Gerson Mwangwa na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Sheria ya mashauri dhidi ya serikali, ya mwaka 1967 kama ilivyobadilishwa mwaka 1974, ilitaka mtu anayetaka kuishitaki serikali apate kibali cha serikali. Kibali kisipotolewa, basi. Mwalusanya aliona kwamba mshitakiwa anayechagua kama ashitakiwe au asishitakiwe amekwisha kushinda kabla ya kesi, na kwamba mlango wa mahakama hauwezi kulindwa na mmoja wa wagombanao. Akakitangaza kifungu hicho kuwa batili. Mahakama ya Rufani nayo, mwaka 1993, katika shauri la Kukutia ole Pumbun lililotoka Arusha, ikasema hivyohivyo. Mwaka 1994 Bunge likafuta kibali na kuweka badala yake notisi ya siku 90. Mtu yeyote aliyewahi kuidai wizara mahakamani tangu hapo anapita njia iliyofunguliwa na mashauri haya mawili.

Halafu Mbushuu. Mbushuu, aliyejulikana pia kama Dominic Mnyaroje, na mwenzake Kalai Sangula walitiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia. Kwa kosa hilo sheria ilikuwa na adhabu moja. Jaji wa wakati huo alipima ushahidi, akawasikiliza washauri wa mahakama, akaandika hukumu, lakini akishasema mtu ana hatia hakuwa tena na la kupima. Alitamka tu kwamba atanyongwa. Safari hii upande wa utetezi ulisema adhabu yenyewe inavunja Katiba. Mwalusanya alikubali kulisikiliza hilo kikamilifu. Mahakama ilipokea maelezo ya kiapo juu ya mambo ambayo kwa kawaida hayasemwi kwa sauti: jinsi mtu anavyonyongwa, inachukua muda gani hadi kufa, nini hufanyika kamba isipomaliza kazi, na miaka ambayo mfungwa anakaa akingoja. Mji huohuo una Gereza Kuu la Isanga, lenye wafungwa wa aina hiyo. Kwa jaji wa Dodoma haya hayakuwa mambo ya vitabuni.

Hukumu ilitolewa Juni 1994. Mwalusanya alisema adhabu ya kifo ni ya kikatili, inamdhalilisha mwanadamu, inaingilia haki ya kuishi, na haiokolewi na ibara ya 30 ya Katiba inayoruhusu haki fulani kupunguzwa kwa manufaa ya umma, kwa kuwa kifungo cha maisha kinailinda jamii vilevile. Akawahukumu wote wawili kifungo cha maisha. Jaji mmoja, kwenye mji wa reli, alikuwa ameifuta adhabu ya kifo katika Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Ilidumu miezi saba. Januari 1995 Mahakama ya Rufani iliitengua. Lakini tazama ilivyoitengua. Majaji wa rufani walikubaliana na Mwalusanya kwamba adhabu ya kifo kwa asili yake ni ya kikatili na inadhalilisha, na kwamba inavunja ibara ya Katiba inayokataza adhabu za namna hiyo. Walipoachana naye ni kwenye ibara ya 30: waliona jamii ya Tanzania bado inaihitaji, na kwamba wa kuamua hivyo ni jamii yenyewe kupitia Bunge lake. Hivyo Mahakama ya juu kabisa nchini imeandika kwamba adhabu tunayoitoa ni ya kikatili, na kwamba ni halali. Sijui jaji yeyote aliyeshindwa rufaa akabakiziwa ushindi mkubwa namna hiyo. Juni mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, ikiamua shauri la Makwanyane lililofuta adhabu ya kifo nchini humo, ililijadili shauri la Mbushuu kwa kina. Majina ya wafungwa wawili wa Dodoma yakaanza kusomwa Johannesburg, Kampala na kwingineko.

Mwaka 1994 haukuwa umekwisha. Oktoba, Jaji Kahwa Lugakingira wa Dodoma hiyohiyo alitoa hukumu ya shauri namba 5 la mwaka 1993, Mchungaji Christopher Mtikila dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Lugakingira alikuwa mtu wa namna nyingine, mtulivu zaidi wa kalamu, na madai kadhaa ya Mtikila aliyakataa. Lakini alisema mambo matatu yaliyobaki. Kwanza, raia yeyote anaweza kwenda mahakamani kuitetea Katiba, hata kama yeye mwenyewe hajaumizwa kuliko wenzake. Pili, kuomba kibali cha polisi ili kufanya mkutano wa hadhara kunaua haki ya kukutana, taarifa yatosha. Tatu, Mtanzania anaweza kugombea uongozi bila chama. Serikali ilikuwa imekwisha kupeleka muswada wa kuziba hilo la tatu shauri likiwa bado mbele ya jaji, na mwisho wa mwaka Bunge likapitisha marekebisho ya Katiba yanayomlazimisha mgombea kuwa na chama. Mtikila hakuchoka. Alishinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006, akashindwa Mahakama ya Rufani mwaka 2010, akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha, na Juni 2013 mahakama hiyo ikampa haki. Alifariki kwa ajali ya gari Oktoba 2015. Mgombea binafsi mpaka leo hajaingia kwenye karatasi ya kura.

Jambo jingine lilitokea mwaka huo wa 1994, nalo halitajwi kwenye sherehe. Bunge lilitunga sheria namba 33, ya utekelezaji wa haki na wajibu wa msingi. Jina ni zuri. Ndani yake imeelekezwa kwamba shauri la kudai haki za Katiba lisikilizwe na majaji watatu wa Mahakama Kuu wakikaa pamoja, na kwamba mahakama inaweza, badala ya kutangaza sheria kuwa batili, kuipa serikali muda wa kuirekebisha. Hoja yake inaeleweka: jambo zito lipimwe na vichwa vingi. Matokeo yake pia yanaeleweka. Jaji mmoja wa kanda, akiwa na rundo la mafaili na mkulima mbele yake, asingeweza tena kufanya alichofanya Mwalusanya. Marekebisho ya mwaka 2020 yakaongeza kwamba mwombaji aape kueleza jinsi alivyoathirika yeye binafsi, jambo ambalo Lugakingira alilijibu miaka 26 kabla.

Mwaka 2005 Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilichapisha kitabu cha hukumu na maandishi ya Jaji Mwalusanya, kilichohaririwa na Helen Kijo-Bisimba na Profesa Chris Maina Peter. Ni heshima ambayo majaji wachache wa Tanzania wameipata, na walioitoa ni watu wa nje ya Mahakama. Mahakama yenyewe imemheshimu kwa njia yake ya kawaida: kwa kumnukuu. Fungua uamuzi wowote wa miaka ya karibuni kuhusu dhamana, urithi wa mwanamke au haki ya kuishitaki serikali, utamkuta humo, mara nyingine kwa jina, mara nyingi kwa namba ya shauri tu.

Kuhusu kifo, mambo yamekwenda kwa namna ya ajabu. Tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa. Septemba 2017, akimwapisha Profesa Ibrahim Juma kuwa Jaji Mkuu, Rais Magufuli alisema wazi kwamba ni vigumu kwake kusaini hati ya kumnyonga mtu. Novemba 2019, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake, Mahakama ya Afrika iliamua kwamba sheria ya Tanzania isiyomwachia jaji nafasi ya kuchagua adhabu inavunja haki ya kuishi, ikaitaka nchi iirekebishe. Mwezi huohuo serikali iliondoa tamko lililowaruhusu raia na asasi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Kanuni ya Adhabu haijabadilika katika hilo. Jaji anayekaa Dodoma leo ana kompyuta mezani na kinasa sauti ukumbini. Akimtia mtu hatiani kwa kuua kwa kukusudia, bado analazimika kutamka adhabu ileile ambayo Mwalusanya, Juni 1994, alikataa kuitamka.